Shule Haikuachii Mpaka Ulete Ndugu Yako

Msomaji wetu ametuomba tufiche jina lake na mji alipo. Maneno ni yake mwenyewe.

Habari zenu, wasomaji. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Mbozi, nina mke na mtoto ambaye sijawahi kumwona. Kazi yangu ni ualimu. Nilikuwa nafundisha shule ya misheni kwetu, na sasa niko huku Rodesia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba, katika shule ya lugha inayomilikiwa na mtu binafsi. Tunafundisha Kiingereza kwa makarani na Kiswahili kwa wachuuzi wanaokwenda Kongo. Mkisikia hivyo mnaona nimeula, sivyo? Ngojeni.

Msidhani nilikuja kichwa kichwa. Wenzangu wakisikia Rodesia wanapanda lori pale Tunduma bila kuuliza hata jina la tajiri. Mimi nilisema hapana, nichunguze kwanza. Na wa kumuuliza nilikuwa naye, Lazaro, mtoto wa mama yangu mkubwa. Alikuwa anafundisha shule hiyohiyo na alikuja nyumbani kutusalimu, kavaa suti ya kijivu na viatu vinalia. Wakwe zake kule Mpemba walimchinjia mbuzi. Nikaenda, nikamuuliza palepale, wakwe wamekaa wanakunywa togwa.

"Wanafunzi wapo?"

"Wamejaa mpaka mlangoni."

"Walimu wanalala wapi?"

"Palepale shuleni, chini ya bati."

"Na mwenye shule, ni mtu wa namna gani?"

"Kama baba yangu mzazi," alisema, na mkwewe akatikisa kichwa kwa furaha. Mama mkwe akauliza mbona binti yao hakuja. Lazaro akacheka, "Mama, kuondoka hataki! Kule kumemkolea."

Jamani, mimi ni mtu wa hukohuko. Ninajua kwamba mwanaume wa kwetu aliyetoka Rodesia hawezi kusema mbele ya wakwe kwamba anateswa, afadhali meno yang'oke. Hilo ninalijua tangu utoto. Na bado nikayabeba majibu ya mbele ya wakwe, nikaenda kumwambia mke wangu kwamba nimechunguza vya kutosha. Mjinga gani huyu! Hata kumvuta Lazaro nyuma ya nyumba sikumvuta. Mke wangu alikuwa na mimba, akasema nenda basi, utaturudia.

Lazaro akasema atanisindikiza mwenyewe. Nikamshukuru, mpaka mzigo wake nikambebea.

Tulipofika, mkewe alitoka jikoni amekonda, akaniona, akaanza kulia. Nikasema, shemeji, ndiyo furaha hiyo? Akanijibu, "Nisamehe, shemeji." Sikuelewa. Lazaro alikuwa ameshavua ile suti, anamkabidhi mwenye shule pamoja na viatu. Havikuwa vyake. Alivaa kaptura iliyochanika, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Hakunitazama.

Mwenye shule akachukua chitupa changu, ile karatasi ambayo ukikutwa huku bila hiyo unalala jela, akaifungia kwenye sanduku. Akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, hapa mtu haondoki mpaka alete mwingine wa kwao. Mwenzako alimwacha mkewe kama dhamana. Wewe umekuja bila mke wa kumwacha, kwa hiyo hutoki. Utamwita mtu."

Mchana tunafyatua matofali yake. Jioni tunanawa, tunaingia darasani. Nikikosea neno la Kiingereza, ananizaba kofi mbele ya makarani, nao wanacheka, wengine wananiomba nirudie kukosea. Tunalala juu ya madawati. Mwalimu mmoja Mndali alijaribu kukimbia, wakamrudisha askari, na mwenye shule akatuamuru sisi walimu wenzake tumchape. Tulimchapa. Mimi nilikuwa wa pili.

Kuna mama mmoja wa Tunduma anapita huku na vitenge. Ndiye aliyeniambia kwamba mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba Lazaro sasa ni mzee wa kanisa, ananiombea kila Jumapili. Kama kuna dua inayoweza kumrudia aliyeiomba, Bwana na amrudishie Lazaro zote.

Safari hii mama huyo amekuja na ujumbe mwingine. Mdogo wangu, wa tumbo moja, amemaliza masomo ya ualimu. Nilimwuliza anasemaje. "Mwalimu wee, kijana ana kiherehere! Ameshafunga mzigo, yuko kwa shangazi yenu. Anasema, mwambie kaka asinifanyie choyo, aseme tu kama pana nafasi."

Nilitaka nimwambie yule mama kila kitu. Lakini mwenye shule alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Usiku ule nilipewa nyama kwa mara ya kwanza tangu nifike, nami nikaila yote. Akaniambia, "Mdogo wako akiingia mlango huu, wewe unatoka na chitupa chako siku hiyohiyo." Mdogo wangu hana mke wala mtoto. Nimejikuta nalisema hilo moyoni, tena na tena, kama vile mtu asiye na mtoto haumizwi na kofi.

Barua hii nimempa mama huyo kwa siri. Atapita tena kuniletea majibu yenu na kuchukua jibu langu kwa mdogo wangu kabla ya kahawa kuvunwa. Wasomaji, wenye ndugu na wenye watoto, semeni nami upesi. Nitukaneni kama mnataka, ila mniambie nimjibu nini, maana neno lililo mdomoni mwangu hivi sasa ni "Njoo."