Sura ya Saba Iliyotiwa Motoni

Wenzake idarani walimwita Kurasa Tupu, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwa miaka minane aliandika tasnifu juu ya riwaya za wanawake waliovunja kanuni za usimulizi. Nguzo ya kazi yake ilikuwa riwaya moja nyembamba yenye kurasa kumi na mbili nyeupe pe mahali pa sura ya saba. Alikuwa amejaza kurasa tisini akiueleza ukimya ule, kwamba mwanamke aliyeiandika alisema kwa kunyamaza.

Wote waliamini mwandishi amekwishafariki. Kumbe yu hai. Mkutubi ndiye aliyemnong'oneza: "Anakaa kwa bintiye, nyuma ya kiwanda cha sabuni."

Alimkuta sebuleni, anachambua vifungo vya nguo koponi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata kile kitabu?"

Alipoulizwa sura ya saba, bibi alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia ilikuwa tupu? Niliiandika. Mume wangu akaitia motoni, maana mle nilimsema mama yake. Mchapaji alishapanga namba za kurasa, na mimi nguvu zimeniisha. Nikamwambia, chapa hivyo hivyo."

"Wahakiki wanasema ulikusudia."

"Waache. Wamenipa akili ambayo sikuwa nayo."

Kurasa Tupu alisubiri moyo umlipuke. Wapi! Alishukuru, akaenda nyumbani akafua shuka. Wiki mbili hakufungua kompyuta. Dada yake akapiga simu.

"Unaumwa?"

"Siumwi, dada. Sihisi kitu tu."

Msimamizi wake, profesa aliyebakiza muhula mmoja astaafu, alimsikiliza huku akizungusha kalamu. "Mtu wa miaka themanini huchanganya mambo. Na nani atakwenda kumuuliza? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nimeshalifunua, Profesa."

Alizifuta kurasa zote tisini, kama mtu anayepangusa vumbi mezani. Kisha kila Jumamosi akawa anakwenda kwa bibi na daftari, kumuuliza ile sura ilisema nini. Bibi alikumbuka mwanzo: mke wa mwana amesimama mlangoni na ndoo ya maji, anaogopa kuingia. Alikumbuka pia sentensi mbili za katikati. Mengine yalikwisha kupotea.

"Sitakubunia," alisema bibi.

Tasnifu ilipita baada ya miaka miwili mingine. Mtahini mmoja aliisifu. Wa pili alinung'unika kwamba fumbo zuri limeharibiwa. Waliompongeza aliwapa mkono, akasema asante, na jioni akampelekea bibi nakala.

Bibi aliazima miwani ya bintiye, akasoma ukurasa mmoja polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mbona hufurahi?"

"Sijui, bibi. Labda itakuja."

"Na isipokuja?"

Bibi akamrudishia nakala, akamwomba amsomee, maana macho yake yamechoka. Kurasa Tupu akavuta kiti karibu, akaanza kusoma.