Nilivyomnyima mama mkwe mkono ndani ya supermarket

Wakuu, salamu kutoka Nyeri. Haya yalinipata mimi mwenyewe Jumamosi, na nikiongeza chumvi itakuwa kidogo tu, ile ya mboga.

Mtoto wetu wa pili, mdogo wake Njeri, alizaliwa kabla ya wakati. Kasichana kadogo kama nusu mkate. Kwetu msichana wa pili huchukua jina la mama ya mke, kwa hivyo akawa Wangari, kajina ya mama mkwe wangu.

Yeye na mke wangu walilazwa wiki kadhaa. Mama yake tu ndiye aliruhusiwa kumshika. Mimi nilikuwa naangalia kwa kioo, kama mtu anatazama TV ya duka.

Ijumaa wakaja nyumbani Ruring'u. Nesi akaonya: mwenye homa asikaribie, mapafu ya huyu bado ni changa.

Mke wangu akasema, "Baba Njeri, leo apumzike, kesho utamshika. Lakini ukituletea homa kutoka tao, utalala na ng'ombe."

Na hatuna ng'ombe.

Shida, diapers zilikuwa zimeisha na ilikuwa end month. Supermarket ilikuwa imejaa watu wa Mweiga, wa Othaya, na nusu ya mlima mzima.

Nikajipanga. Mask mbili. Troli nikaipangusa na sanitizer mpaka ikarudi kuwa mpya. Biology ya night school ilinifunza virusi hupitia macho, pua na mdomo, so nikapiga mikono marufuku kupanda juu ya shingo.

Kufika kwa mchele, pua ikaanza kuwasha. Wakuu, haijawahi kuwasha hivyo tangu niumbwe! Nikaikunjakunja kama sungura hadi mama mmoja akavuta mtoto wake kando.

Halafu nikasikia, "Si huyu ni Baba Njeri?"

Mama mkwe. Alikuwa ametoka sokoni Karatina, anakouza, na wamama wa chama chake cha kuweka akiba, wananunua blanketi waje kuona mtoto siku hiyo hiyo. Kila mmoja akaninyooshea mkono.

Sasa, kwetu salamu bila mkono si salamu. Kumnyima mama mkwe ni kama kumrudishia binti yake. Nikakumbatia bale ya unga, pakiti kumi na mbili nzima, haraka.

"Weka hiyo unga chini unisalimie."

"Ni nzito, Cucu," nikamwita nyanya, kama watoto wanavyomwita. "Nikiweka sitainua tena."

"Ati nini? Na mawe ya nyumba yako ulibeba yote!" Wamama wakacheka. Yeye hakucheka. "Ama siku hizi watu wa soko tunanuka?"

Nikaona ndoa ikiteleza. Nikasema ukweli.

"Cucu, si dharau. Leo ndio nitashika Wangari mara ya kwanza. Homa kidogo tu inaweza kumrudisha hospitali."

Akarudisha mkono polepole. Ndio nikaona ule mwingine umefinya leso.

"Mimi niko na homa tangu juzi," akasema. "Nilikunywa dawa nikasema nitaificha. Nilitaka tu kuona kajina yangu."

Lakini huyo mama hakai chini na huzuni. Akageukia chama: "Hakuna mtu anaenda Ruring'u leo!" Akageukia laini ya kulipa: "Na nyinyi pisheni huyu, ako na mtoto mchanga nyumbani!"

Watu wakapisha kama gavana anapita.

Nyumbani nikaoga mpaka karibu nibadilike rangi. Nikavaa nguo safi, nikapewa mtoto. Alikuwa mwepesi, niliogopa kupumua.

Mke wangu akampigia Cucu video. Wangari akafungua jicho moja, akakunja uso, akanipigia chafya katikati ya macho.

Cucu akapiga kelele kwa simu, "Jipanguse!"

Wakuu, sikujipangusa.

Nilichojifunza: virusi ni rahisi kukwepa kuliko watu wetu. Usijifiche nyuma ya unga, mwambie mtu sababu mapema. Wengi wanampenda huyo mtoto kama wewe.

Sasa nanyi semeni: mama mkwe akikunyooshea mkono mbele ya chama kizima, ungefanya nini? Wenye homa pia wanakaribishwa, ila kohoeni mkiangalia kando.