Ndege imejaa, na kitanda pia

Leo wameniteremusha mu ndege, tikiti yangu iko mukononi.

Waliuza tikiti kupita viti. Agenti wa kampuni ananiambia, «Pole, mama, utapanda juma ijayo.»

Ndoa ya mudogo wangu kule Bukavu iko kesho.

Nikaomba fidia. Akanipa soda moja, tena ya moto. Nikakunywa tu. Nilikuwa nimechoka.

Nikarudi nyumbani, hapa Kasongo. Mama mukwe, mwenye aliniombea dua asubuhi na kunisindikiza mpaka barabarani, akashangaa kuniona.

Nafungua chumba: shangazi ya bwana yangu, ametoka Salamabila, amelala mu kitanda yangu.

«Sisi tulishakuaga,» mama mukwe anasema.

Naandika hii nikiwa kwa mukeka. Wenzangu, nyinyi mulipewaga fidia gani?

Kampuni, yenyewe, ilinipa angalau soda.