Pembe za Shuka la Bibi

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya shuka lenye unyevu hunirudisha Singida upesi kuliko basi lolote. Ni harufu ya mvuke na wanga, na kwa mbali chumvi ya ziwa. Nikiisikia, hata nikiwa katikati ya jiji, naiona mikono ya baba ikivuta kitambaa mpaka kinyooke, na namwona Bibi amesimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

Hoteli yenyewe ilijengwa na Mzungu mmoja zamani za ukoloni, kati ya yale mawe yetu makubwa, ukingoni kabisa mwa ziwa. Ilikuwa na baraza ya mawe, bafu lenye miguu ya simba, na vitanda vyeupe ambavyo mtu angeogopa kuvikalia. Kabla ya Uhuru watu wetu waliingilia mlango wa jikoni. Baada ya Azimio tukaambiwa ni mali ya umma, na mkuu wake akaitwa Ndugu Meneja, ingawa ndugu huyo akipita watu walisimama kama zamani. Nilikuwa na miaka tisa na jambo hilo lilinisumbua. Nilimuuliza baba kwa nini tunamsimamia ndugu yetu. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Baba alikuwa mhudumu wa vyumba. Alivaa koti jeupe la vifungo vya shaba, na hakuna mtu mkoa mzima, nadhani, aliyejua kutandika kitanda kama yeye. Mashuka yake yalikazwa kama ngozi ya ngoma.

Mwaka ule akina mama wa mkoa waliitwa mjini kwa mkutano wa siku nne, kuzungumza habari za kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijiji cha Bibi, mbele ya Ikungi, kilimchagua yeye. Bibi huyu ni mama yake mama, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kumfasiria. Hakuweza kulala nyumbani kwetu. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali chombo kimoja, na kitanda cha mmoja mwingine hakigusi hata kwa ncha ya fimbo. Mama akafurahi aliposikia wajumbe watalazwa hotelini. Amepona, alisema, hatalala kwa mkwe.

Hakuna aliyefikiria vitanda vya hotelini vinatandikwa na nani.

Tulipofika, baba alikuwa anashuka ngazi na taulo mkononi. Alimwona Bibi, akageuka palepale, akajifungia katika kabati la mashuka kama mwizi. Bibi akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilicheka mpaka nikafinywa.

Chumbani Bibi alikaa kitandani, akakipapasa. "Laini kama tumbo la ndama. Nani katandika?"

"Baba."

Aliruka kana kwamba amekalia kaa la moto. Akahamia kwenye kiti.

"Kwani atadhurika nini, Bibi?"

"Hatadhurika. Ataaibika. Na mimi pia."

"Lakini hata hukumwona akitandika."

"Wewe mtoto, maswali yako yatakuzeesha kabla ya mimi kufa. Vua hayo mashuka."

Basi tukatandika upya, mimi na yeye, kwa namna tuliyoijua, yaani vibaya. Kuanzia hapo kila asubuhi tulikuta mlangoni mashuka yaliyokunjwa, taulo mbili, na jagi la maji ya kisima yaliyofunikwa kitambaa, kwa sababu Bibi alikuwa amelalamika kwangu kwamba hata upepo wa ziwa lile una chumvi. Sikumbuki kumwambia baba. Labda nilimwambia. Siku ya pili palikuwa na kipande cha asali kwenye sega. Bibi alikula akiangalia mlango uliofungwa, akasema, "Mwambie aliyeko huko nje kwamba nimeshiba."

Aliyeko huko nje alikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilitoka, nikamwambia baba maneno aliyokwisha kuyasikia, naye akaitikia kwa adabu kama vile yametoka mbali. Niliona ni upuuzi mtupu. Nawaungamia: nilitamani kitu kitokee kimlazimishe baba kuingia, tuone kama dari litaanguka.

Kikatokea. Asubuhi ya tatu Ndugu Meneja alikagua vyumba. Chetu aliingia bila kutusalimu, akapitisha kidole dirishani, kisha akaona kitanda. Pembe za shuka tulikuwa tumezifunga fundo, ili lisitoroke. Akamwita baba kwa sauti ya korido nzima. Baba akaja, akasimama kizingitini, macho kwenye viatu vyake.

"Hii ndiyo kazi yako? Siku ngapi hujaingia humu?"

"Tatu, ndugu."

"Ingia utandike, nakutazama."

"Siwezi, ndugu."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Neno moja tu, mkwe, lingemtosha. Nilijua Meneja angeelewa, maana hakuna mtu asiye na wakwe. Lakini baba angelisemaje mbele yake mwenyewe mama mkwe, kitanda kikiwa katikati yao?

"Basi vua koti la watu."

Baba akaanza kufungua vifungo. Kimoja. Cha pili. Niliitazama mikono ile, nikakumbuka nilichokuwa nimekiomba.

Ndipo Bibi akasema, bila kugeuka kutoka dirishani, na bila mimi kumfasiria. Kiswahili chake chote alikikusanya hapo.

"Mwanangu. Huyo mume wa binti yangu. Kitanda katandika mimi. Kosa langu. Mimi nataka jifunza."

Meneja alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akavua kofia. "Shikamoo, mama," alisema, siku ya tatu, kwa mara ya kwanza. Kisha akatoka chumbani kinyumenyume, akampita baba, akasema taratibu, "Funga koti, ndugu. Mfundishe ukiwa hapo hapo."

Baba akageuka, akaupa mlango mgongo. Bibi naye akautazama ukuta. Na mimi nikawa katikati na shuka.

"Vuta kwanza huku miguuni," ilisema sauti ya baba kutoka koridoni. "Inua ubavu. Sasa kunja pembe kama bahasha. Ingiza chini. Kaza."

Nilirudia mara tano. Ya tano Bibi alipitisha kidole juu ya ile pembe. "Mwambie," alisema, "pembe zake ni nzuri."

Nilifungua mdomo kumwambia. Baba alikuwa ameshaanza kupangusa macho.

Nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha kuhusu mila zilizopitwa na wakati. Hii niliitia ya kwanza, na nikasifiwa. Miezi miwili baadaye Bibi alifariki. Nilipofika kijijini nilimkuta baba uani, nyuma ya nyumba, anapiga pasi shuka jeupe juu ya meza ya kuazima, akinyunyiza maji kwa vidole, akikinga majivu ya pasi yasiangukie kitambaa. Alipomaliza alinikabidhi mlangoni, macho chini. Ndani hakuingia.

"Unakumbuka pembe?"

"Nakumbuka."

Niliingia alikolazwa Bibi, nikavuta kwanza huku miguuni.

Bado sijapata jibu kwa nini watu wawili waliojaliana hivyo wasitazamane maisha yao yote. Nimeacha tu kuuita upuuzi. Nilipotoka nilimkuta baba palepale, mgongo kwa mlango, pasi imekwisha kupoa mkononi.

"Zimekaa?" akauliza.

"Zimekaa, Baba. Amesema ni nzuri."

Akaitikia kwa adabu, kama vile maneno yametoka mbali.