Wifi Yangu Mwanne na Vipimo vya Mbali

Siku hizi vijana wakisikia neno wifi wanatoa simu kutafuta mtandao. Mimi nasema wifi wa kweli, mke wa kaka yangu. Wangu anaitwa Mwanne, fundi wa nguo za wanawake pale mtaa wa Bwiza, Bujumbura, mfupi wa umbo, mkali wa mkasi, na mbishi kiasi kwamba kaka yangu Musafiri akitaka chai huomba maji. Mawifi hawapendani kwa desturi, na sisi desturi tuliiheshimu sana.

Mwaka 2003, mabomu ya waasi yalipoanguka mjini kutoka milimani, moja lilipata paa la kibanda chake. Mwenyewe alikuwa sokoni, alhamdulillahi. Cherehani ilipona, lakini kasha la karatasi za vipimo liliungua lote. Wateja wake wakati huo leo wako mtaa wa Nyakabiga, kesho wamekimbilia kwa ndugu, keshokutwa wamevuka kwenda Kongo. Ungempima nani upya? Mwanne alilia kama aliyefiwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilisema nguo si watu.

Aliyemtuliza ni Rénovat, bwana mmoja aliyekuwa na duka la intaneti Nyakabiga. Alimwambia vipimo anavyovikumbuka, na vipya vyote, viandikwe kwenye barua pepe, vikae humo humo.

"Vitakala wapi?" Mwanne akauliza.

"Mu mamashini za mbali, mama. Amerika pengine."

"Kule kuko vita?"

"Apana."

"Basi weka vyote."

Habari zikaenea Bwiza kabla ya adhuhuri, na sikatai kwamba mimi nilizisaidia kutembea. Wanaume wakachachamaa. Salvator muuza nyama alikuja na kisu bado mkononi, akataka kujua kwa nini kiuno cha mke wake kimepelekwa Amerika bila yeye kuulizwa. Mwanne akamjibu kwamba kiuno hicho kimefungwa kwa mot de passe, neno la siri, na yeye peke yake ndiye anayeijua, tofauti na buchani ambako kila mtu anamwona mama yule akipita. Salvator akarudi kwenye nyama zake.

Kweli alikifunga. Kila akiingia intaneti alikuwa akivua leso ya mabegani na kuitandaza juu ya klavye, pale penye vitufe vya herufi, kisha anaingiza mikono chini yake na kuandika neno la siri kwa kupapasa. Vidole vyake vilizoea kushona gizani, umeme wa Bujumbura ukiwa ndio ule, kwa hiyo havikukosea. Mimi nilijaribu mara nyingi kuchungulia. Sikupata hata herufi.

Sasa sikiliza. Mwaka uliofuata binti yangu Yasmina alikuwa aolewe na Djibril. Harusi ilikuwa imekwisha ahirishwa kwa sababu ya mapigano, na wakwe walikuwa wameanza kunung'unika kwamba bibi harusi ana mkosi. Tukakubaliana: Jumamosi hii, liwalo na liwe. Mimi na Mwanne tukapanda meli ya mizigo bandarini kwenda Kigoma kununua kitambaa, turudi, ashone nyumbani. Kitambaa tulikipata, cheupe, chenye maua ya kufuma, kizuri hadi nikakibusu dukani. Meli ndiyo iliyotutia kitanzi. Nahodha alisema injini imegoma, hatutang'oa nanga kabla ya Alhamisi. Kufika ni Ijumaa.

"Nitashonea hapa hapa," Mwanne akasema. Alikuwa na shoga Ujiji mwenye cherehani. Kilichobaki ni vipimo vya Yasmina. Tulipiga simu kwa jirani yetu Bwiza; shangazi zake Yasmina wakampima kwa kamba, wakatutajia kiuno ambacho hata ng'ombe hana. Mwanne akakata simu.

Tukaenda kwenye duka la intaneti la Kigoma, kwa kuwa vipimo vya Yasmina vilikuwamo kwenye barua pepe. Mwanne akavua leso, akatandaza, akaandika. Ikakataa. Akaandika tena, polepole. Ikakataa.

"Mama, pasiwedi siyo hiyo," kijana mwenye duka akasema.

"Mot de passe ni hiyo hiyo. Mashini yako ndiyo mugonjwa."

Ikakataa tena, na sasa kioo kikaandika onyo kwamba akizidi kukosea atafungiwa. Mwanne akatoa mikono. Akaitazama kama si yake. Sijawahi kumwona hivyo, hata kibanda kilipoungua. Nilimfikiria Yasmina akiingia kwa wakwe na gauni la kuazima, na moyo ukaniuma kwelikweli.

"Toa leso, uangalie herufi," nikamwambia.

"Apana."

"Mwanne, mutoto wangu anaolewa!"

"Basi weye toka inje kwanza."

"Sitoki."

Akaivuta leso, akainama juu ya klavye, na papo hapo akapiga kelele: "Eh! Nani alihamisha A?"

Kijana akacheka hadi akashika meza. Kumbe klavye za kwetu zimepangwa Kifaransa, na hizi za Tanzania kwa Kiingereza. A wameishusha, W wameipandisha, M wameitupa chini kabisa. Vidole vya wifi yangu vilikuwa vinaandika Bujumbura wakati mwili uko Kigoma.

Akaanza kutafuta herufi moja moja kwa kidole. Mimi nikafuata kidole. W. I. F. I. Nikafurahi, nikasema kumbe ananipenda, ananificha tu. M. U. D. A. K. U.

Wifi mudaku. Mwaka mzima, kila asubuhi, viuno vya wanawake wa Bwiza vilifunguliwa kwa kunitukana mimi.

Barua ikafunguka. Nilitaka kukasirika, hasira ilikuwa tayari kooni, lakini mbele yangu pameandikwa Yasmina, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na hasira ikakosa njia. Nikacheka hadi machozi. Mwanne akanukuu vipimo kiganjani mwake kwa kalamu, hakuniangalia.

Alishona, mimi nikapiga pasi na kukata nyuzi. Ijumaa tuliteremka bandarini Bujumbura, na Yasmina hakungoja tufike nyumbani. Alivaa gauni katika ofisi ya wakala wa mizigo, mimi nimesimama mlangoni kuzuia wapakuzi. Zipu ikapanda mara moja, bila kubishana. Yasmina akajishika kiuno, akaanza kulia, na wapakuzi wakapiga vigelegele kuliko wanawake.

Wiki baada ya harusi Mwanne aliniita kwa Rénovat. Akaniketisha mbele ya mashini, bila leso.

"Nimebadilisha mot de passe. Shika hii mupya," akasema, akaninong'oneza neno sikioni.

"Mimi? Mudaku?"

"Risasi haichague, Asiya. Siku mi sitarudi, nani atawafungulia watu vipimo vyao?"

Nilimshika mkono, nikaomba Mungu siku hiyo isije, na haikuja. Mpaka leo bado anashona na bado tunagombana. Neno lile ninalo. Yasmina ameniuliza, Musafiri ameniuliza, Bwiza nzima imeniuliza, na sijamwambia mtu.