Bakuli la Mbweha

Nimepanga vyumba katika miji mingi, na karibu kila mahali nimesikia mbweha akitukanwa kwa lugha ya pale. Ni nyumba moja tu nilimosikia akisemwa kwa upole, tena ilikuwa nyumba ya mtu aliyeishi kwa kazi ya kumzuia.

Walimwita Fundi Wavu. Alijenga mabanda ya kuku, na mabanda yake yalijulikana kwa jambo moja: wavu haukuishia ardhini. Aliukunja kuelekea nje akaufukia, ili mbweha akianza kuchimba, kucha zake zikutane na waya.

"Mbweha anachimba pale pale ukuta unapoanzia," aliniambia akiwa amepiga magoti, misumari mdomoni. "Hajui kurudi nyuma kidogo akaanzia huko. Mimi pia sijui, ndiyo maana tunaelewana."

Aliishi na dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemlea kwa kufua nguo za watu. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia, akawa anawatambua watu kwa sauti. Kutwa alikaa kwenye benchi nyuma ya jiko, akichambua maharage kwa vidole. Tangu mbwa wao afe kwa uzee, alikaa pale peke yake.

Msimu niliopanga chumba kwao, jirani yao, fundi cherehani aliyeitwa Mama Pacha, alikuwa akipoteza kuku mmoja baada ya mwingine. Alikuja ameshika manyoya.

"Fundi, banda lako pambo tu!"

"Banda nililojenga mimi, au mlango ulioufunga mwenyewe kwa kamba?"

"Usinichekeshe, nina uchungu. Kuku mwingine akipotea, naweka nyama yenye sumu uani. Sumu ninayo tayari."

"Na paka wa watu?"

"Basi muwahi wewe huyo mbweha wako."

Fundi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Jioni alimwaga majivu kwenye kila mwanya wa uzio wa jirani na kando ya mtaro, na asubuhi akasoma nyayo. Nilimfuata. Tulizifuata nyayo kinyumenyume kutoka kwa Mama Pacha, kando ya mtaro, hadi kwenye uzio wa nyumba yetu. Fundi hakufuga kuku, kwa hiyo ua wake mwenyewe hakuwahi kuukagua. Kando ya benchi ya Shangazi palikuwa na bakuli la bati, limerambwa likang'aa. Lilikuwa bakuli la yule mbwa.

"Dada anadhani ni mbwa," alinong'ona. Akalirudisha pale pale alipolikuta, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Siku hiyo alipinda misumari mingi. Alasiri alikwenda kukaa karibu na dada yake.

"Dada, yule mbwa..."

"Mbwa gani?"

"Unayempa makombo. Nadhani ana mwenyewe. Tusimzoeshe."

Shangazi alicheka hadi maharage yakamwagika. "Wewe mtoto! Macho yamechoka, pua je? Mbweha ananuka tangu mtaroni, mimi nimwite mbwa?"

"Kumbe ulijua!"

"Tangu siku ya kwanza. Anakula mbio mbio, halafu anasimama kidogo. Namsikia anavyopumua. Wewe uko kazini, mpangaji yuko njiani, hapa kutwa hakuna anayepumua ila mimi."

Fundi aliinama kuokota maharage. Alipomaliza, akamweleza habari ya sumu.

"Lakini nilimlisha ili awaache kuku wa watu," Shangazi alisema. "Nilidhani akishiba hapa atakwenda zake."

"Anashiba hapa, dada, halafu anapitia kwa jirani kutafuta kitindamlo. Bakuli hili ndilo linalomleta mtaani."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua."

"Bado hajafa."

Akapapasa chini hadi akalipata bakuli, akalifudikiza. "Kamtengenezee Mama Pacha mlango wake," alisema.

Fundi alikwenda na ubao na bawaba, akarudi jua likizama. Walikubaliana mbweha akija wapige kelele, ili asipaone tena kuwa ni kwake. Akaja. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa. Alinusa bakuli, akalikwaruza. Fundi alikuwa ameshika sufuria na mwiko, lakini mkono haukunyanyuka.

"Nipe," Shangazi akasema, akamnyang'anya, akapiga sufuria kama anaita mtaa mzima. "Toka! Nenda ukaishi!"

Mbweha akatimka.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Aligeuka?"

Fundi aliutazama uzio mtupu. "Aligeuka, akakutazama."

"Muongo. Mbweha hana muda huo." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Mama Pacha hakupoteza kuku mwingine. Fundi aliiomba ile sumu, naye akampa, akisema sasa walau mlango wake unafungika kama wa benki.

Tangu hapo Fundi alianza kufunga kazi mapema. Alipitia nyuma ya jiko bila kusema neno, akakaa kwenye benchi, buti zikiwa na udongo, na kuhema kwa makusudi.

"Nani huyo anapumua?" Shangazi aliuliza.

"Mbweha."

"Haya, kanawe mikono uje ule."