Kitenge cha Mgonjwa

Saa nane na dakika kumi mchana, pikipiki ya baba ilianza kunuka mafuta yaliyoungua. Tulikuwa tumetoka Luberizi kumpeleka mama hospitali, Uvira. Baba alikuwa amemfunga mama kwake kwa kitenge, kama wagonjwa wanavyofungwa kwetu, nami nikabanwa katikati yao. Juzi niliona mgonjwa akipita amefungwa vile vile, na mgongo wangu ukakumbuka.

“Papa, motere inaunguza mama,” nilisema, kwa maana kifua chake kilikuwa cha moto kama injini iliyokuwa karibu na miguu yangu.

“Njo tunasimama. Tukiilazimisha, itatuacha hapa.”

Tulisimama kando ya mashamba ya mpunga. Tulikuwa na kidumu kimoja tu cha maji, ya mama kunywa. Baba alikitazama, kisha akaitazama injini.

“Mwangia motere,” mama alisema. “Miye nitakunywa Uvira.”

“Weye kunywa kwanza.”

“Ziwa yote ile ya Uvira itaisha?”

Mama alicheka peke yake. Baba alimimina polepole, na chuma kikafoka mvuke wenye harufu ya kutu. Leo najua kwamba chuma cha moto huachwa kipoe kwa upepo, maana maji baridi huweza kukipasua. Siku ile nilifurahi tu, nikiamini kwamba joto la mama lilitoka mle injinini.

Injini iliwaka. Tukapanda, baba akakaza fundo. Miguu yangu ilikuwa imepoa. Mgongoni moto ulikuwa umezidi, na mikono ya mama iliyonizunguka ikalegea mmoja baada ya mwingine, hadi kikabaki kitenge peke yake kumshika.